Injini Ilikuwa na Njaa

Nianze kwa kusema gari langu halikuwa bovu. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu huku mtaani kwetu Katuba, Lubumbashi, bado kuna watu wanaoapa kwamba ni wao waliolitengeneza, na wawili kati yao wananidai.

Ni Corolla ya 1998. Ilitoka Japani, ikashukia Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikaingilia mpakani Kasumbalesa kama ndugu zake wote waliojaa mjini kwetu. Usukani uko kulia, na sisi Kongo tunapita upande huohuo wa kulia wa barabara, kwa hiyo nikitaka kulipita lori ni lazima abiria wa mbele anichungulilie kama njia ni nyeupe. Siku hiyo mchunguliaji wangu alipaswa kuwa mama mkwe.

Alikuwa amekaa kwetu wiki tatu. Ndege yake ya kurudi Mbuji-Mayi ilikuwa saa mbili asubuhi, na kutoka Katuba hadi uwanja wa Luano unakatiza mji mzima. Tena ilikuwa Julai. Mtu anayedhani Kongo yote ni joto hajawahi kuamka alfajiri ya Julai huku kwetu. Mji uko juu, kama mita 1,200 hivi, na mwezi huo ukifungua mdomo nje unatoa moshi bila kuvuta sigara.

Saa kumi na moja na nusu mizigo ilikuwa ndani tayari, tuliipakia usiku: unga, samaki wakavu, vitenge, na sufuria moja kubwa ambayo sikuuliza ilitoka jikoni kwa nani. Mama mkwe akaketi mbele, mkoba mapajani. Nikaingia, nikafanya mambo yangu ya kila asubuhi, nikazungusha ufunguo.

Rrr-rrr-rrr-rrr-rrr.

Injini ilizunguka kwa nguvu kabisa. Kuwaka, hakuna.

Mara ya tano dirisha la jirani likafunguka. Mwalimu mstaafu. Hata salamu hakutoa: "Ni batri, Papa! Baridi njo inaiua!"

Sasa, ni kweli baridi huidhoofisha betri. Lakini betri iliyokufa haizungushi injini namna ile. Nilitaka kumjibu hivyo, ila yeye ameshatoka, koti juu ya pajama, birika la maji ya moto mkononi, na kabla sijashuka ameshaimwagia betri yangu kama anayeosha mtoto mchanga. Mvuke ukapanda. Nikajaribu. Rrr-rrr-rrr.

"Inaanza kusikia," akasema.

Dereva wa taksi wa nyumba ya tatu yeye akaja na habari nyingine: injini imekunywa esansi, yaani petroli, kupita kiasi, imezama, nikanyage mafuta mpaka chini nizungushe bila huruma. Nikazungusha bila huruma. Kisha akatokea kijana mmoja mwenye spana, sijui alialikwa na nani, akafungua buji zote nne (ndizo plagi kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika), akazipanga juu ya boneti kama muuza karanga.

"Angalieni, kavu kabisa!" akasema kwa furaha. Watu wakazisifu kwa ukavu wake. Akazifuta kwa fulana, akazirudisha. Kumbe jibu zima lilikuwa pale juu ya boneti, kavu, na sisi kumi na wawili tunalitazama.

Saa kumi na mbili na robo. "Tusukume," wakasema.

Hapa lazima nieleze kitu. Mimi na mama mkwe tuna heshima ya kweli. Hajawahi kuniona nikitafuna, na mimi sijawahi kumtazama usoni zaidi ya sekunde moja. Basi vijana walipoegemea nyuma ya gari nikaona kwenye kioo mlango wa mbele umefunguliwa, viatu vimevuliwa na kuwekwa kitini, kitenge kimekazwa, na mtu mzima wa miaka sitini na zaidi ameweka mikono kwenye buti katikati ya watoto wa mtaa.

"Mama, apana! Mama, tafadhali!" nikapiga kelele.

"Shika usukani!" akanijibu.

Nikashika usukani. Nikaweka gia ya pili, mguu kwenye klachi, na nyuma yangu namsikia mama wa mke wangu akihesabu kwa Tshiluba ili wote wasukume pamoja. Tulifika kanisani. Waliotoka kwenye sala ya alfajiri wakaongezeka. Mama mmoja akaliwekea gari mikono na kulikemea. Kila nikiachia klachi gari linaruka kama chura, linakohoa hewa, linasimama. Mke wangu alikuwa anatufuata kwa miguu na sufuria, kwa sababu mtu mmoja alisema tupunguze uzito.

Tulikwamia mbele ya garaji ya mzee mmoja. Nasema garaji, ni mwembe na tairi mbili za kukalia. Mzee alikuwa anasugua meno. Akatuangalia tukitoa jasho kwenye baridi, akatema, akaja polepole na mswaki ukiwa bado mkononi. Hakuenda mbele ya gari. Alichuchumaa nyuma, akanusa bomba la moshi.

"Mumewasha mara ngapi?"

"Kama arobaini, Papa."

"Arobaini, na bomba halitoi hata harufu ya esansi?" Akamgeukia kijana wa spana. "Buji zilikuwa na maji?"

"Kavu kabisa!" akajibu kijana, bado anajivunia.

Mzee akasimama, magoti yakalia. "Injini iko na njaa. Na ninyi munamusukuma mtu mwenye njaa." Kisha akanisogelea dirishani. "Papa, uliweka kupesirki?"

Mwezi mmoja kabla, gari la barabara ya pili liliondoka usiku bila mwenyewe. Ndipo nami nikafungiwa hiyo kupesirki, swichi ya siri chini ya kiti, inayokata umeme wa pampu ya esansi. Mwizi atazungusha injini mpaka kuche, haitawaka. Ni kadude kadogo kama punje ya haragwe: ukikabonyeza kanafunga, ukikabonyeza tena kanafungua. Hakana taa, hakana alama. Siri hiyo hata mke wangu hakuijua. Usiku nabonyeza, asubuhi nabonyeza, mkono ulishazoea na hauniulizi tena. Na usiku ule wa mizigo, mama mkwe akiwa ameketi pale mbele anahesabu samaki, niliona haya kuinama na kupapasa chini ya kiti.

Kwa hiyo sikubonyeza. Na asubuhi mkono ukabonyeza.

Watu kama thelathini wananiangalia, nusu yao siwajui, mmoja nadhani ndiye mwizi niliyemwekea ile swichi. Nikaangusha ufunguo makusudi. "Oh, samahani." Nikainama, nikapapasa, tik. Nikazungusha.

Liliwaka kwa mara ya kwanza.

Kelele zilizopigwa pale! Mwalimu akaliinua birika juu kama kombe. Kijana wa spana akasema aliwaambia. Mama wa sala akasema hakuna la kusema. Mzee peke yake hakusema neno, aliniangalia tu, akarudisha mswaki mdomoni. Yeye ndiye niliyemlipa, na yeye ndiye hakudai.

Njia nzima mama mkwe alinichungulilia malori bila neno. Karibu na Luano akakohoa kidogo.

"Papa. Kila usiku nilikuwa nakuona dirishani. Ukizima gari unainamisha kichwa. Nikamwambia binti yangu, mume wako ni mtu wa sala."

Nikakaza macho barabarani.

"Jana haukusali. Nikasema ni uchovu. Leo asubuhi ukasali, gari likakataa."

Uwanjani tulikuta ndege yenyewe haijafika.

Alipiga simu usiku, saa nne. "Papa, tulifika muzuri. Umesali?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. Nikakata, nikajiuliza, sikukumbuka. Nikatoka nje na bukta na tochi, baridi ileile, nikapapasa chini ya kiti, nikaishika ile punje. Hakuna alama. Namna ya kujua ni moja tu. Nikazungusha ufunguo.

Rrr-rrr-rrr-rrr.

Dirisha la mwalimu likafunguka. "Ni batri, Papa! Ngoja niweke maji kwenye moto!"