Diski za seva ya bakapu: zilale au ziendelee kuzunguka?

Seva ya bakapu ya ofisi ya kawaida Dar es Salaam hupokea nakala usiku kwa muda wa saa 2 hivi. Saa 22 zilizobaki diski zinazunguka bure, na ndipo mtu huwaza kuzilaza.

Hesabu yenyewe si kubwa. Diski ya inchi 3.5 isiyosomwa wala kuandikwa hula takriban wati 4 hadi 8; ikilala, mota imesimama, hushuka hadi wati 1 au pungufu. Diski nne, kila moja ikiokoa wati 5, zinaokoa kama uniti 160 kwa mwaka. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti ya LUKU, hizo ni takriban shilingi 57,000. Hainunui hata diski moja mpya ya terabaiti 8. Faida iliyo wazi zaidi iko kwenye joto: chumba kidogo cha seva mwezi Februari hakihitaji joto la ziada la diski. Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) nayo inavuta muda kidogo zaidi.

Wanaopinga husema kuwasha na kuzima ndiko kunakoua diski. Wana haki nusu. Diski nyingi hupimwa kustahimili kuwashwa na kuzimwa mara 50,000. Ikiamka mara moja kila usiku, idadi hiyo inatosha karibu miaka 137. Lakini kwenye Linux weka amri ya `hdparm -S 120`, yaani ilale baada ya dakika 10 bila kuguswa, huku programu ya ufuatiliaji ikiigusa kila robo saa: inaamka mara 96 kwa siku, na 50,000 zinaisha ndani ya siku 520. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anaiamsha.

Mara nyingi ni smartd, programu ya kuchunguza afya ya diski, ambayo kwa kawaida hukagua kila dakika 30. Iongezee `-n standby,q` ili iiruke diski iliyolala. Wengine ni updatedb (inayoorodhesha mafaili), kumbukumbu za mfumo (logi) zilizoachwa kwenye diski hizo, na swap (nafasi ya diski inayotumika RAM ikijaa). Tumia `-S 242`, yaani saa 1, kisha angalia kama imelala kwa `hdparm -C` mara kadhaa mchana. Ukiikuta inazunguka kila ukiiangalia, bora uiache izunguke kuliko kuilaza na kuiamsha kutwa. Kwa diski isiyosikia amri ya `hdparm -S`, hasa ya USB, jaribu hd-idle, programu nyingine ya kulaza diski.

Kuna pia suala la wakati wa kuamka. Kila diski inaweza kuvuta ampea 2 kwenye volti 12, wati 24. Nane kwa pamoja ni karibu wati 190, na pawasaplai ya bei rahisi hapo huyumba. Diski huchukua sekunde 10 hadi 20 kufikia kasi, na kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa kuwa kundi moja) isiyo na subira huitupa nje ya kundi diski inayochelewa kana kwamba imekufa. Kwenye kadi ya namna hiyo, usizilaze kabisa.

Diski iliyolala pia haionyeshi sekta mbovu, yaani vipande vyake visivyosomeka tena. Panga usomaji wa diski nzima mara moja kwa mwezi, usiku uleule wa bakapu, ili isiamshwe mara mbili.