Tromboni Moja, Bendi Tano

Ile orodha ya "majina ya kuchekesha ya bendi za zamani", zile za jazz na bluzi za Marekani, imeanza tena kuzunguka mtandaoni. Red Hot Peppers, yaani pilipili kali: kicheko. New Orleans Bootblacks, wapiga kiwi viatu: kicheko. Chini yake watu wanaulizana hawa jamaa walikuwa wamevuta nini. Hawakuvuta kitu. Nusu ya hizo hata hazikuwa bendi.

Chukua mwaka 1926 tu, Chicago, umfuate Kid Ory na tromboni yake. Mwaka unaanza yumo kwenye Hot Five ya Louis Armstrong, mpiga koneti (ndugu mfupi wa tarumbeta), inayorekodi kwa kampuni ya santuri ya OKeh. Tarehe 28 Mei watu walewale watano wanaingia studio ya kampuni nyingine, Vocalion, wanatoka wakiitwa Lil's Hot Shots, kwa jina la Lil Hardin, mpiga piano na mke wa Armstrong. Sababu ni mkataba: Armstrong alikuwa amefungwa na OKeh. Ujanja mzuri, ila kwenye "Georgia Bo Bo" si akaimba! Sauti ile ya mkwaruzo unaifichaje kwa kipande cha karatasi ya lebo?

Tarehe 13 Julai, Columbia nao wanawataka. Safari hii Armstrong hayumo, koneti anashika George Mitchell, Joe Clark anaongeza saksafoni ya alto, na santuri zinaandikwa New Orleans Wanderers, yaani watembezi. Kesho yake, kundi lilelile: Bootblacks. Wamelala watembezi, wameamka wapiga kiwi. Septemba, Ory, Mitchell na mpiga banjo Johnny St. Cyr wako kampuni ya Victor kwa mpiga piano Jelly Roll Morton, na hizo ndizo pilipili zenu. Majina matano, tromboni moja. Hata Hot Five yenyewe ilikuwa ya studio. Usiku kila mtu na kibarua chake.

Ukitaka kujua nani ni nani, achana na maandishi makubwa ya lebo. Inamisha santuri kwenye mwanga, tazama sehemu laini kati ya lebo na mfuo wa mwisho: kwenye santuri nyingi kuna namba imekwaruzwa pale. Hiyo ni namba ya kurekodi, inafuata mpangilio wa kazi studioni. OKeh 9484, 9485 na 9486 ni nyimbo tatu za siku ya kwanza ya Hot Five, 12 Novemba 1925. Namba ya katalogi ni ya muuza duka, nayo itakupoteza, maana pande mbili za santuri moja zinaweza kuwa zimerekodiwa miezi tofauti. Kama unasikiliza kwenye simu, tumia sikio. Hot Five ya 1926 haina besi wala ngoma, mapigo yanabebwa na piano na banjo. Ukisikia besi na ngoma chini ya koneti ya Mitchell, uko kwa Morton. Ukisikia koneti ya Mitchell na alto bila besi wala ngoma, ni Wanderers au wapiga kiwi.

Haya, kuna majina yanayosema kweli. Memphis Jug Band walipuliza mtungi kweli, midomo ikitetemeshwa mbele ya shingo ya chombo kama kwenye baragumu. Ukiupuliza kama chupa ya soda unapata filimbi, hupati besi. Na Mississippi Sheiks hawakutoka madrasa yoyote. Mtanashati aliitwa hivyo mtaani tangu filamu ya Rudolph Valentino ya 1921, The Sheik. Sisi wenyewe Morogoro Jazz ilipiga dansi na hatukushangaa.

Lakini hilo neno "kuchekesha". Lilimchekesha nani? McKinney's Cotton Pickers, Weusi wa Detroit, walivaa suti na kusoma muziki ulioandikwa na Don Redman, halafu wakaitwa wachuma pamba. Jina walipewa na Jean Goldkette, Mzungu mwenye ukumbi wa Graystone, ambako Weusi waliruhusiwa kucheza dansi Jumatatu tu. Duke Ellington, mtoto wa mjini Washington, kampuni ya Brunswick ilimwandika Jungle Band. Ya msituni! Cheka basi.

Mimi narudi kwenye ile namba 9486. Ni "Gut Bucket Blues", na ndani yake Armstrong anazungumza huku muziki ukiendelea, akiwataja wenzake kila mmoja anapopiga kipande chake. Anamwita St. Cyr Bwana. Anamwita Lil Bibi. Ikifika zamu ya koneti ya Armstrong mwenyewe, anayemtaja ni Ory.