Makaburu wa Mbali, Maneno ya Karibu

Mtoto wa Dodoma husoma habari za makaburu wa Afrika Kusini, akajibu mtihani na kufaulu. Mapumziko yakifika, humwita mwenzake "mkaa" kwa weusi wake, na hakuna anayeona kuwa mambo hayo mawili yana uhusiano.

Wapo wazazi na walimu wanaosema tusiwafundishe watoto habari za ubaguzi wa rangi, tusimwamshe aliyelala. Mtoto hachagui wa kucheza naye kwa rangi. Ukimpangia Mzungu, Mhindi na Mwarabu, unampa mizani ambayo hakuwa nayo. Siipuuzi hoja hii. Somo la misafara ya utumwa iliyopita Ugogo likifundishwa ovyo, darasa zima litageuka kumtazama mwenzao mwenye asili ya Kiarabu, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga watu minyororo. Tena kizazi kilichokulia kwenye ahadi ya TANU, "Binadamu wote ni ndugu zangu", kinaamini udugu ulitosha.

Lakini udugu huo haukujengwa kwa kunyamaza. Oktoba 1961 Nyerere alisimama bungeni akakataa uraia upimwe kwa rangi, na aliitaja rangi waziwazi. Mwaka uliofuata, mfumo wa shule tofauti za Wazungu, Waasia na Waafrika ukavunjwa.

Wengine hujitetea kwa utani: kwetu watu hutaniana, mbona hakuna anayeumia? Hapa ndipo nisipokubali kabisa. Mgogo akichokozwa na mtani wake hujibu, tena kwa makali yale yale. Haki ni ya wote wawili, na wakubwa wanaijua mipaka yake. Mtoto wa Kihindi anayeitwa "gabacholi", au mwenye ualbino anayeitwa "zeruzeru", hana mtani pale darasani. Ana wanaocheka tu.

Kwa wadogo ningeanzia kwenye maneno hayo, bila historia ndefu. Wa sekondari ningewapeleka Kongwa, mkoani Dodoma. Huko Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947, wakawa na shule ya watoto wa Kizungu peke yao. Ardhi hiyo hiyo, kuanzia miaka ya 1960, ikawapa kambi wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia. Mwanafunzi akisimama pale, akajua kwamba babu yake aliyeishi jirani hakuruhusiwa kusoma shule ile, makaburu hawatakuwa tena jibu la mtihani. Atauliza mwenyewe ni nani aliyepanga hivyo, na mwalimu awe tayari kumjibu.