Mpeni mzee maiki

Mwaka jana nilialikwa kwenye hafla ya tuzo za michezo hapa Mwanza. Walioiandaa sitawataja. Aliyenialika ni jirani yangu wa Kirumba, beki wa zamani wa Pamba, timu ya soka ya hapa Mwanza, mzee ambaye tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikimpa shikamoo kila asubuhi akipita kuelekea mwaloni. Usiku ule alikuwa apokee tuzo ya heshima, na alitaka mtu wa mtaani awepo.

Aliitwa saa nne na nusu usiku. MC alimtambulisha kuwa mshambuliaji. Mzee akapanda ngazi taratibu, mkono juu ya goti la kulia, akapokea ngao ikiwa bado ndani ya nailoni, akapeana mkono na mgeni rasmi, picha ikapigwa, muziki ukapandishwa. Hazikufika dakika mbili. Alibaki amesimama pale akiitazama maiki, mkono mmoja umezama kwenye mfuko wa koti, hadi kijana wa itifaki alipomshika kiwiko kwa adabu na kumshusha.

Nje, tukisubiri usafiri, alikitoa kile kilichokuwa mfukoni. Karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Majina 11 ya kikosi, chini yake watatu wa akiba, na chini kabisa jina la mama aliyekuwa akiwapikia kambini. Pembeni mwa majina sita alikuwa ameweka herufi M. Marehemu.

"Hawa nilitaka wasikike, mwanangu," aliniambia. "Ngao wamenipa mimi, lakini mpira hauchezwi na mtu mmoja."

Tangu siku ile nimekuwa nikiifikiria hii tuzo ya heshima, na ninachokiona ni kwamba tunaitoa nusu. Mchezaji bora wa mwaka hana haja ya kuelezwa, kila mtu ukumbini amemwona juzi kwenye televisheni. Mkongwe ni habari nyingine. Aliyoyafanya aliyafanya wakati nusu ya watu waliokaa kwenye viti vile hawajazaliwa, tena mara nyingi bila kamera. Ukimpa ngao bila kumpa nafasi ya kusimulia, ukumbi unampigia makofi mtu usiyemjua. Na yeye anarudi nyumbani na simulizi lake lote.

Chukua mfano wa Suleiman Nyambui. Ni mtoto wa Majita, mkoani Mara, ziwa hili hili tunaloliona kutoka Kirumba. Tanzania tumeanza kwenda Olimpiki mwaka 1964 na hadi leo tuna medali mbili tu, zote za fedha, zote za Moscow 1980, na zilikuja siku mbili zilizofuatana. Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kesho yake Nyambui katika mita 5,000. Yaani nusu ya kila tulichowahi kuvuna kwenye Olimpiki imetoka kwenye mwambao wetu. Miruts Yifter wa Ethiopia alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 20.91, Nyambui kwa 13 na 21.60. Mizunguko 12 na nusu ya uwanja, na tofauti haifiki hata sekunde moja! Mwaka uliofuata, mjini New York, Nyambui huyo huyo alikimbia mita 5,000 za ndani ya ukumbi kwa dakika 13 na sekunde 20.4, ikawa rekodi ya dunia. Akaja kushinda Berlin Marathon mara mbili mfululizo, 1987 na 1988.

Niliwahi kuwauliza vijana wanaofanya mazoezi ya kukimbia asubuhi karibu na uwanja wa Nyamagana kama wanalijua jina hilo. Walikuwa saba. Mmoja alisema amewahi kulisikia redioni. Siwalaumu hata kidogo, kwa sababu wangelijulia wapi? Wote saba walikuwa wakizungumza kwa furaha juu ya Alphonce Simbu, na wana haki: Septemba 2025 pale Tokyo alishinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sehemu tatu za mia moja za sekunde, dhahabu ya kwanza kabisa ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Simbu wamemwona kwenye simu zao. Nyambui anahitaji mtu wa kumleta hadi walipo, na hakuna wa kuifanya kazi hiyo kuliko yeye mwenyewe, ameketi kwenye kiti, anaulizwa: mzunguko wa mwisho ulipoanza, Yifter alikuwa wapi, na wewe ulikuwa unawaza nini?

Huko duniani tuzo hizi zina uzito kwa sababu mpokeaji hupewa muda wa kuzungumza na watu hukaa kimya wakamsikiliza. Laureus, waandaaji wa tuzo za michezo za dunia, walipoanza mwaka 2000, tuzo yao ya mafanikio ya maisha waliianzia kwa Pelé. Alikuwa hajafika hata miaka 60, akaishi na heshima hiyo miaka 22 mingine, kila aendako akisimulia. Sisi mara nyingi tunangoja hadi mzee aanze kushikwa mkono kwenye ngazi, au tunasoma wasifu wake msibani, ambapo wanaoujua ukweli wake wanalia na wasioujua wanaangalia saa.

Wapo watakaosema heshima hailiwi, wapeni wazee bima ya afya na pesa. Nakubaliana nao moja kwa moja. Goti la jirani yangu linahitaji daktari kuliko linavyohitaji ngao, na tuzo inayotolewa bila kuuliza mzee anaishije ina upungufu mkubwa. Lakini nimekaa naye vya kutosha kujua kwamba usiku ule hakuumia kwa kukosa bahasha. Aliumia kwa kurudi na karatasi yake haijasomwa.

Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi. Theresia Dismas alileta medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata medali ya kimataifa. 1965! Mtaje katika kijiwe chochote cha michezo hapa mjini, kuanzia Makoroboi hadi Igoma, uone ni wangapi watainua kichwa.

Halafu kuna Pamba wenyewe. TP Lindanda, Wana Kawekamo, kama tunavyowaita kwa utani. Mwaka 1990, katika Kombe la Washindi barani Afrika, waliifunga Anse Boileau ya Ushelisheli mabao 12-1. Kila shabiki wa Mwanza wa umri wangu anaijua hiyo namba. Lakini muulize akutajie mipira ile ilianzia kwa nani, nani alikuwa anakata upande wa kushoto, mwalimu aliwaambia nini mapumziko, ataanza kukwama. Namba tumeihifadhi, mpira wenyewe tumeupoteza. Na wanaoweza kuturudishia bado wapo mitaani mwetu, wanakunywa kahawa na kucheza bao, ila herufi M zinaongezeka kwenye karatasi zao.

Mwaka 2024 Pamba Jiji walirudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20, na CCM Kirumba pakajaa tena. Hapo ndipo ningependa tuzo ya heshima itolewe. Isiwe kwenye ukumbi wa viti vya kadi, saa nne usiku, katikati ya keki na hotuba za wadhamini. Itolewe uwanjani, saa moja kabla ya mechi, mbele ya wale waliolipa kiingilio wao wenyewe. Mzee mmoja kila mechi ya nyumbani. Aketi, apewe dakika 10 na maiki inayosikika hadi mzunguko, na anayemhoji awe amekwenda nyumbani kwake wiki moja kabla, ili asije kumwita beki mshambuliaji. Redio za hapa zirekodi. Watoto wa timu za vijana wakae mbele kabisa, chini, kwenye nyasi. Gharama ya kufanya hivyo naamini haifiki hata ya mapambo ya ukumbi mmoja.

Juzi Jumapili nilimfuata mzee wangu kibarazani kwake. Kulikuwa na vizibo vya soda kwenye meza, akavikusanya na kuanza kunionyesha jinsi wao mabeki wanne walivyokuwa wakipanda kwa pamoja ili kumwacha mshambuliaji kwenye ofisaidi. Kizibo hiki yeye, hiki mwenzake wa kati, na hivi viwili vya pembeni. Alivisogeza vyote vinne kwa vidole vya mikono miwili kwa mpigo mmoja, kama mtu anayefunga dirisha. "Aliyekuwa anapiga kelele ya kupanda ni huyu," akagusa kizibo cha pembeni kushoto, akalitaja jina. Lilikuwa moja ya yale sita.

Akanieleza mechi moja hadi dakika ya 60, kisha mjukuu akaja kusema babu, chakula tayari. Tumekubaliana Jumamosi asubuhi, yeye atakuwa na karatasi yake, mimi nitakuwa na simu yenye chaji ya kutosha. Tutaanzia dakika ya 61.