Viroba Kumi na Kimoja vya Uchafu

Fulana ndizo zilizotuponza. Tungekwenda na nguo zetu za kulimia tungefika pale ufukweni na adabu ya wageni, tukapiga hodi, tukauliza. Lakini mtu ukishavaa fulana mpya ya kijani iliyoandikwa mgongoni TUNARUDISHA KWA JAMII, kuuliza unaona ni kujishusha.

Kikundi chetu kina watu kumi na wanne: walimu, fundi simu, muuza duka la dawa, mimi karani, na Mwenyekiti, ambaye kazi yake mpaka leo sijaielewa ila ana makoti mengi. Desemba Mtwara ina pesa. Wazee huko Newala na Tandahimba wanakuwa wameshalipwa za korosho, na hata sisi wa mjini tusio na mkorosho mmoja mifuko inachangamka kwa njia za pembeni. Tukachanga elfu kumi kumi. Pesa ikanunua fulana, bango la mita sita na maji ya chupa. Kilichobaki, shilingi elfu tisa, kikanunua mafagio.

Swali likawa tumsaidie nani. Mmoja akasema twende wodi ya wazazi na sabuni. Tukaambiwa vikundi vitatu vimeshapita wiki hiyo hiyo, kuna mama ana vipande kumi na saba vya sabuni na sasa anaomba chumvi. Mwingine akasema tuwapikie wazee pilau. Mhazini akauliza bei ya mchele, akajibiwa, na hilo pilau halikutajwa tena. Basi likapita wazo la kusafisha ufukwe, kwa sababu ufukwe hauli.

Mwenyekiti alitutolea hotuba ndani ya daladala. Akatukumbusha Desemba 9 ya mwaka 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru, nchi nzima ikashika mafagio. Hakutukumbusha kwamba siku yenyewe, Desemba 28, 2024, ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo usafi ni wajibu wa kila mtu. Kwa hesabu kali hatukuwa tunajitolea chochote. Tulikuwa tunatimiza wajibu, ila kwa fulana.

Kijiji sikitaji, bado napita pale. Kipo mbele ya Mikindani, ule mji ambao Livingstone alipita mwaka 1866 akielekea bara, watu wakampoteza kwa miaka. Mimi nilitoka bara, nikaja kupotelea Mikindani. Nimezaliwa Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde, ambako enzi zetu ndoo ya maji ilikuwa habari ya kuitana. Bahari niliiona nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwa sababu hiyo kikundi kilinipa cheo cha Msimamizi wa Mazingira, na mimi nikakipokea.

Tulifika saa moja na nusu. Maji yalikuwa yametoka, yameenda mbali mno, na huko mbali tukaona vidoti vya kanga vimeinama.

"Wanatafuta pweza," nikasema kwa sauti ya mtaalamu.

Tukaanza kazi. Chupa, pampasi, mifuko, na ndala za mguu wa kulia tupu (za kushoto za taifa hili sijui zinaenda wapi). Tukamaliza upande huo haraka, halafu tukafika kwenye uchafu wenyewe. Magugu ya bahari! Mikeka kwa mikeka, mengine ya zambarau, mengine ya kahawia, mengine yameanza kupauka, yametandazwa juu ya nyavu kuukuu na makuti, yananuka kama bahari iliyochacha.

Mwalimu mmoja wa hesabu akasimama. "Mbona yamepangwa vizuri hivi?"

"Mawimbi," nikamjibu. "Maji yakirudi huwa yanapanga."

Akaridhika. Mwalimu wa hesabu, jamani!

Pembeni tukakuta viroba vitupu vimekunjwa vizuri, vimewekewa jiwe juu visipeperuke. Katibu akasema Mungu akiona nia njema huleta na vifaa. Tukazoa magugu, tukachanganya na chupa na pampasi, tukashindilia kwa miguu. Tulikuta pia mafungu ya vikamba vidogo vya plastiki. Nikavipiga picha kwa karibu, nikairusha mtandaoni na maneno haya: "Tazameni tunavyoiua bahari yetu." Watu wakaanza kupenda. Viroba vikafika kumi na kimoja.

Kirikuu tuliyokodi ikaja. Dereva, kijana wa hapo hapo pwani, akafungua kiroba kimoja, akachukua fumba la magugu, akalikamua kidogo, akatutazama mmoja mmoja.

"Huu mnataka niupeleke wapi?"

"Dampo," akasema Mwenyekiti. "Mbali kabisa na wananchi."

Dereva akanyamaza muda. Halafu akasema, "Basi kwa kazi hii sichukui nauli. Na mimi nataka niwe mmoja wenu."

Tulipiga makofi. Mhazini machozi yalimlengalenga. Tukamvalisha fulana iliyobaki, tukapiga naye picha, akaondoka taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

Saa nne na kitu wanawake wakaanza kurudi kutoka majini, kama wanane hivi, kila mmoja na mzigo kichwani unaochuruzika maji mpaka kiunoni. Mwenyekiti akaagiza bango linyooshwe. Tulidhani wanakuja kushukuru.

Bibi aliyetangulia akasimama. Akautazama mchanga. Ulikuwa mweupe, umefagiliwa, kama kichwa kilichotoka kunyolewa.

"Shikamoo bibi," tukasema kwa pamoja.

Marahaba haikuja.

"Mwani wetu uko wapi?"

Mwenyekiti akanigeukia. Wote kumi na watatu wakanigeukia. Sasa mimi neno mwani nilikuwa nimewahi kulisikia redioni. Nilidhani ni samaki.

Aliyetueleza ni binti mmoja wa sekondari aliyekuwa likizo, na alitueleza kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kwamba mwani unafungwa kwenye kamba kwa vile vikamba ambavyo mimi nilikuwa nimevitangaza kuwa vinaua bahari. Kwamba unakaa majini wiki sita, ndipo unavunwa bamvua likifika, maji yakitoka sana. Kwamba unaanikwa siku mbili tatu, na mbichi kilo saba nane zikikauka unabaki na kilo moja. Ule tuliouzoa ulikuwa na siku moja na nusu ya jua, na jua lenyewe la Desemba, la kuvizia katikati ya mvua. Ukikauka unauzwa, unakwenda nje, unaingia kwenye aiskrimu na dawa ya meno.

"Kaka, umepiga mswaki leo?" akaniuliza.

"Nimepiga."

"Basi hata mdomoni mwako tumo."

Bibi alikuwa bado hajakaa chini. "Wewe kwenu wapi?"

"Newala, bibi."

"Nikija Newala na fulana yangu, nikakuta korosho mmezianika uani, nikazizoa, nikazipeleka jalalani, utaniita nfadhili?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeipata picha: mama yangu, ua wetu, mkeka mtupu.

Dereva hakupokea simu. Tukapanda bodaboda mishikaki: mimi katikati, mama mmoja mwenye nguvu nyuma yangu, maji ya bahari bado yanamtiririka na kuniingia mgongoni juu ya neno JAMII. Njiani simu ikawa inalia lia. Nilidhani ni dereva. Kumbe ile picha yangu imepata mtoa maoni: "Ndugu, hizo kamba ni za mama yangu mdogo. Mmeziweka wapi?"

Dampo dereva hakuwepo. Mama hakushangaa. Akamwelekeza bodaboda njia nyingine, mpaka kwenye ghala la mnunuzi wa mwani, na pale tukamkuta mwanachama wetu mpya, fulana ya kijani imemkaa vizuri, amesimama kwenye mizani.

Kilichotuokoa ni uchafu. Mnunuzi alikuwa amekamua mwani, maji yakamtoka vidoleni, akasema huu haujakauka, haupimi. Halafu akazamisha mkono ndani zaidi, akatoa pampasi, akaishika kwa vidole viwili.

"Na hii ni daraja la ngapi?"

Dereva alipotuona hakukimbia. Akainua mabega. "Nilikuwa narudisha kwa jamii," akasema.

Mimi sikuwa na la kusema. Mama alikuwa nalo. Alilisema kwa Kimakonde, refu, bila kupumua, na mimi ni Mmakonde, nilielewa kila neno na sitaliandika hapa. Viroba vikarudi ufukweni kwa kirikuu ile ile, na safari hii kweli bila nauli.

Kazi iliyofuata ndiyo tuliyostahili tangu asubuhi. Tulikaa mchangani watu kumi na wanne tukichambua mwani na takataka tulizozishindilia wenyewe, kipande kwa kipande, wanawake wakianika nyuma yetu na ule waliovuna leo ukisubiri nafasi. Saa saba wakatupa ugali wa muhogo na samaki wa kuchoma. Ndiyo, walitulisha wao. Maji ya chupa tulikuwa tumeshayamaliza kwenye picha.

Saa tisa wingu likapanda. Binti akasema mvua ikiunyeshea mwani unaharibika, tuanue. Tukaanua mbio, tukarundika, turubai lao likafunika nusu. Bibi akageuza macho polepole mpaka kwenye bango.

"Hili lina picha yangu," akasema Mwenyekiti.

Bibi hakujibu, aliendelea tu kutazama. Tukalilaza juu ya mwani, maandishi yakitazama mbinguni, tukalikalia pembe zake nne lisiruke. Mwenyekiti alipewa pembe ya upande wa mvua. Ilinyesha kwa saa nzima. Rangi ya fulana zile, tuseme tu ukweli, ilitoka. Nilifika nyumbani nikiwa kijani mpaka kwapani.

Mwani ulisalimika karibu wote. Sehemu iliyopungua tulichangishana tukailipa, na kwa mara ya kwanza Mhazini hakuuliza bei.

Katikati ya Januari, mwezi ulipokuwa mpevu, simu yangu ikaita namba nisiyoijua.

"Ntoto wa Newala, hujambo?"

"Sijambo bibi, shikamoo."

"Marahaba." Hiyo niliisubiri wiki mbili. "Bamvua limeingia. Kesho tunavuna, mikono ni michache. Ntakuja?"

"Tutakuja bibi, wote."

"Haya. Fulana acheni huko huko."

"Sawa bibi. Na gari la kubebea, tukodi?"

Akakata simu.