Programa wa miaka 47 aende wapi?

Jamaa yangu wa hapa Isevya, Tabora, ana miaka 47. Anaandika programu tangu enzi za Visual Basic 6, lugha ya programu iliyotoka mwaka 1998. Juzi aliitwa kwenye usaili. Kijana aliyempokea alimwamkia vizuri, kisha akauliza: "Mzee, kasi yetu utaiweza?" Kazi akakosa. Hata kompyuta hakupewa aonyeshe anachojua.

Waajiri wana hoja, tena nzito. Lugha za programu hazitulii, na wapo wakongwe waliogoma kujifunza mpya. Mwenye watoto sekondari hawezi kupokea mshahara wa anayeanza maisha. Na wahitimu wa kila mwaka waingilie wapi, ikiwa wakubwa hawasogei? Hilo linanigusa, maana mdogo wangu yumo kwenye foleni hiyo.

Lakini kugoma kujifunza ni tabia, na ipo hata kwa wa miaka 25. Mwaka 2007 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, akiwa na miaka 22, alisema hadharani kwamba vijana ndio wenye akili zaidi. Miaka 13 baadaye, corona ilipoelemea mfumo wa mafao ya wasio na kazi huko New Jersey, Marekani, gavana aliomba msaada wa wanaojua COBOL, lugha ya programu ya mwaka 1959.

Mimi nilishaona tofauti yenyewe kwenye chama cha ushirika cha tumbaku. Vijana walileta mfumo mpya, mzuri wa kutazama. Jamaa yangu aliuliza kitu kimoja: "Umeme ukikatika wakati deni la mbolea limeshakatwa na malipo ya mkulima hayajaandikwa, inakuwaje?" Kimya. Walipochomoa waya kujaribu, deni lilikatwa, malipo hayakuonekana. Akawaelekeza: viandikwe vyote viwili, au kisiandikwe hata kimoja. Alilijua hilo kwa kuwa aliwahi kukesha na makaratasi ya mizani akisahihisha kosa kama hilo, la kwake mwenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa umri. Shida ni ushahidi: nani ataandika "umezeeka" kwenye barua? Tena matangazo ya kazi serikalini kwa kawaida yanaweka ukomo wa miaka 45, ilhali kustaafu kwa lazima ni 60.

Ningekuwa mimi mwajiri, ningemkalisha yeye na kijana mmoja, kila mtu na kompyuta yake, niwape programu ileile yenye kosa na saa mbili za kulitafuta.