Halloween Ughaibuni: Maboksi Yapo, Mikono Ndiyo Haba

Kila Oktoba inapoingia, maduka ya huku Minnesota hugeuka rangi ya chungwa na nyeusi, na kwenye simu za akina mama wa Afrika Mashariki swali ni lilelile: watoto wavae nini jioni ya tarehe 31, na pesa itoke wapi? Vazi la kawaida la dukani ni kati ya dola 25 na 50. Mwenye watoto wanne akichukua ya bei ya chini ameacha dola mia moja kaunta, karibu laki mbili na nusu za Tanzania, kwa nguo ya jioni moja. Nasema wazi: wazazi wenzangu, msiilipe hiyo pesa. Vitu vya kutengenezea vazi zuri kuliko hilo vimewekwa nyuma ya maduka hayohayo vikisubiri gari la taka.

Kwa aliyefika juzi: Halloween ililetwa Marekani hasa na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Kwao walichonga taa za tanipu, mzizi mnene kama kiazi. Huku wakakuta boga, kubwa na rahisi kuchongeka, wakahamia kwenye boga. Watoto hujigeuza sura, hupita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi, hupewa pipi. Wapo majirani zangu, Waislamu na Walokole, wasioishiriki kwa sababu ya imani, nami nawaheshimu. Hata hao mara nyingi hujikuta wakitafuta vazi, kwa kuwa makanisa mengi hufanya sherehe ya mavuno majira hayo, na shule nyingi zina siku ya mtoto kuja amevaa kama mhusika wa kitabu.

Ila wanaosema kwamba mtoto kupita milango ya watu akipewa vitu vitamu ni uzungu mtupu, hapo sikubaliani nao. Ndugu zetu walioko Oman wana Qaranqasho: katikati ya Ramadhani watoto hutoka usiku wamependeza kwa nguo za asili, wakaimba mtaani na kurudi na vifuko vya pipi na njugu. Unguja, mtoto wa Idi hupita kwa wakubwa na nguo yake mpya akidai sikukuu. Sababu ni tofauti kabisa na Halloween, lakini furaha ya mtoto mbele ya mlango wa jirani ni ileile.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Nimekulia Ngamiani, Tanga. Pale fundi cherehani yuko barazani. Ukimpelekea gauni la mitumba lililozidi, kesho yake linakukaa, kwa pesa isiyokuuma. Mikono ilikuwa mingi: shangazi anajua kusuka ukili, binamu anaunda gari la waya lenye magurudumu ya ndala zilizokatika, bibi ana sindano na uzi ndani ya kopo la zamani la kahawa. Kilichokuwa adimu ni vitu. Boksi zima la kadibodi lilikuwa mali, na shuka kuukuu halikutupwa. Liligeuka nepi, likaishia kuwa dekio.

Huku mambo yamepinduka. Vitu vimezagaa. Duka la vinywaji litakupa maboksi ukiomba tu, la majokofu litakupa boksi refu kuliko baba wa nyumba, na Goodwill, maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika, wanauza shuka zima kwa dola chache. Mikono ndiyo hakuna. Kupunguziwa suruali kwa fundi wa hapa kunaweza kuzidi bei ya suruali yenyewe. Mama yuko zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, baba yuko barabarani na lori, shangazi yuko Tanga. Ndiyo maana tunanunua. Zile dola 30 za vazi la nailoni hazilipii kitambaa. Zinalipia mikono ya mtu wa mbali aliyelishona. Shirikisho la wauza rejareja la Marekani lilikadiria kwamba mwaka 2023 matumizi ya Halloween yangefika dola bilioni 12.2, na karibu theluthi ni mavazi.

Kwa hiyo ninayopendekeza yote huanza na kitu kilichokwisha kuwepo, na hudai mikono michache.

Kwanza baridi. Wazee wa hapa bado wanasimulia Halloween ya 1991, theluji ilipoanza siku hiyohiyo na kuendelea hadi Novemba 3; Minneapolis na Saint Paul zikafukiwa na inchi 28.4, zaidi ya sentimita 70. Haiwi hivyo kila mwaka, lakini mtoto wa huku akivaa gauni jembamba la malkia ataishia kulifunika kwa koti, na vazi halitaonekana. Anza na koti, au sweta zito lenye kofia, ulifanye hilo ndilo vazi.

Ninalolipenda kuliko yote ni kanga, yule ndege. Chukua sweta jeusi lenye kofia. Nunua kichupa cha rangi nyeupe ya vitambaa, chovya kitako cha penseli kile chenye kifutio, gonga madoa mwili mzima. Hiyo kazi mtoto wa miaka mitano anaifanya mwenyewe na hataki kuacha. Juu ya kofia shikiza kipembe cha kadibodi ya kahawia, pembeni vipande vya kitambaa cha buluu, chini ya kidevu viwili vyekundu vining'inie. Mabawa yanatokana na makombo ya vitenge. Kila mama wa Kiafrika anayeshona ana mfuko wa makombo na atakushukuru ukimpunguzia. Kata mfano wa majani, shona kwenye mkono wa sweta ukianzia safu ya chini kupanda juu, ili kila safu ifiche mshono wa iliyo chini yake. Mtoto akinyanyua mikono, mtaa mzima unageuka kumtazama. Kwa ufundi huohuo utapata bundi, jogoo au tausi. Kinachobadilika ni rangi tu. Na Novemba makombo yanafumuliwa, sweta linaendelea kwenda shule na madoa yake.

Shuka jeupe la mzimu ndilo rahisi kuliko yote, lakini wengi hulikosea kwa kutoboa matundu mawili ya macho. Shuka linateleza, mtoto haoni. Kata uwazi wa uso mzima, ulishikize shuka kwenye kofia ya sufu kwa nyuzi chache, na shuka liishie juu ya vifundo vya miguu. Ukitaka maiti ya Kimisri, chana shuka vipande virefu kwa mkono ili kingo zichakae, viloweke kwenye chai ya rangi nzito iliyo moto, vikaushe, kisha vishone kwenye pajama za zamani, pembeni tu, ukiviacha vilegee. Karatasi ya chooni, inayopendekezwa kila mahali, inakatika kabla mtoto hajamaliza barabara ya kwanza, na ikinyesha basi tena.

Kwa mtoto mdogo, kobe. Trei kubwa za foili za kuokea bata mzinga huanza kuuzwa majira hayo kwa bei ndogo. Igeuze, bandika vipande vya mfuko wa karatasi ya kahawia vyenye pembe sita, toboa pembeni, pitisha utepe wa kubebea mgongoni. Mwenye mvulana wa miaka minane asiyetaka habari za ndege wala kobe, ampe boksi na foili ya jikoni awe roboti. Matundu ya mikono yawe mapana na boksi liishie juu ya magoti, vinginevyo hakai kwenye gari wala hapandi ngazi.

Na kuna vazi ambalo nyumba zetu nyingi tayari zinalo: sare ya kazi. Wangapi kati yetu ni wauguzi na wasaidizi wa wagonjwa? Suruali na blauzi ya mama iliyofuliwa, ikakunjwa na kushonwa kwa nyuzi ndefu, beji ya karatasi, na mtoto ni muuguzi. Hapa sizungumzii bei peke yake. Mtoto anayemwona mama akiondoka usiku na kurudi asubuhi amechoka, akaichagua sare hiyo mbele ya wanasesere wote wa televisheni, amesema jambo ambalo mama anastahili kulisikia.

Familia nzima ikitaka kutoka pamoja, tengenezeni daladala. Wakenya mtafanya matatu, ufundi ni mmoja. Boksi refu la jokofu likatwe kuacha kuta mbili za ubavuni, mbele na nyuma. Kamba nne zipite mabegani mwa walio ndani. Pigeni mstari wa rangi ubavuni, andikeni njia mbele, Mbagala–Kariakoo au popote moyo unapowapeleka, na maneno yenu wenyewe kwenye kioo cha nyuma. Baba mbele na usukani wa mfuniko wa sufuria. Tochi mbili za betri ziwe taa. Mtoto mkubwa ndiye konda: taulo shingoni, noti za karatasi zimekunjwa katikati ya vidole, sarafu zinachezeshwa kiganjani, anaita abiria. Wadogo wabebe kikapu na kuku wa kitambaa. Gharama ni rangi na gundi. Mtoto aliyezaliwa huku na hajawahi kubanwa kwenye kiti cha watu watatu wamekaa wanne atajifunza kwenu ilivyo, kwa kuicheza.

Msiyafanye haya: baluni za zambarau za mfano wa zabibu, kwa kuwa zinapasuka na vipande vyake vinaweza kumpalia mtoto mdogo, kinyago kinachoziba macho, na wanja wa manga wa kuchorea sharubu za paka. Najua wengi tumepakwa tukiwa wachanga, lakini wanja wa aina hiyo umekutwa mara nyingi na madini ya risasi, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haiuruhusu. Tumieni rangi za uso, mkizijaribu kwanza mkononi siku moja kabla. Halafu bandikeni utepe unaong'aa ukimulikwa, mgongoni na kwenye mfuko wa pipi. Tarehe 31 jua la Minneapolis linazama kama saa kumi na mbili jioni, na watoto ndiyo kwanza wanatoka. Utafiti uliochapishwa 2018 katika jarida la JAMA Pediatrics, uliopitia takwimu za Marekani za 1975 hadi 2016, ulikuta kwamba jioni ya Halloween hatari ya mwenda kwa miguu kufa kwa kugongwa na gari ilizidi ya jioni nyingine za karibu kwa asilimia 43. Kanga wangu mweusi hatoki bila utepe huo.

Kuna ushauri mmoja ambao watu wema hunipa kila mwaka nami naukataa: "Si umvalishe tu nguo zenu za Kiafrika?" Hapana. Kanzu ndiyo anayovaa baba yake Ijumaa. Khanga ndiyo niliyofunikwa nayo siku ya ndoa, ndiyo niliyombebea mtoto, na ndiyo tutakayofunikwa nayo siku ya msiba. Nguo hizo zikivaliwa usiku wa wachawi na wanyonya damu, mtoto anafundishwa kwamba baba yake anapokwenda msikitini anaigiza. Shuka la Kimasai vilevile: Mmasai ni mtu, ana jina na ng'ombe wake, hawekwi safu moja na mazimwi. Shule nyingi zina siku ya tamaduni. Hapo mtoto avae kanzu yake, kofia ya mkono kichwani, na aeleze kwa fahari. Makombo ya kitenge kwenye bawa la ndege ni jambo jingine, ni kitambaa tu. Wapo marafiki zangu wanaoona nimezidisha. Tumeshabishana, na sijabadili msimamo.

Baada ya sikukuu maduka hushusha bei kwa nusu na zaidi. Hapo nunueni rangi za uso na tepe za mwaka ujao, basi. Mavazi ya nailoni msiyanunue hata yakiwa dola mbili. Yanayotupwa kwenye masanduku ya misaada huku, mengine yanafungwa kwenye mabelo yanayofika masoko ya mitumba ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, na muuza mitumba aliyelilipia belo zima akikuta mabawa ya popo ndani, hasara ni yake.

Kuhusu mikono, njia ni kuikusanya. Familia tatu au nne, Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Oktoba kabla rafu za mitumba hazijabaki tupu, kwenye nyumba yenye chumba kikubwa cha chini. Mmoja alete maboksi, mwingine mashuka, mwingine mandazi na chupa ya chai. Baadhi ya maktaba za umma zina cherehani za kutumia bure, ulizeni ya kwenu. Vijana wakubwa wakate kadibodi. Na tafadhali, waiteni akina bibi waliokuja kulea wajukuu, wanaoshinda peke yao kwenye fleti wakati wote tuko kazini. Bibi mmoja wa Kikenya, jirani yangu, aliniuliza hii sherehe ni ya mashetani au vipi. Nilipomweleza kwamba kazi iliyopo ni kumshonea mtoto mabawa ya ndege akasema, "Leta sindano, mwanangu," na kufika alasiri alikuwa amemaliza mabawa ya watoto watatu na kuwafundisha wasichana wawili kufunga fundo la uzi.